HiAce ya kulala na pwani ya Bugala: shajara ya mradi

11 Januari 2025: Gari limepatikana

Nimenunua HiAce iliyokuwa taksi. Bado ina ule mkanda wa vidirisha vya bluu na vyeupe ubavuni, na viti vyake 14 vimechanika vyote. Bei tumevutana siku tatu, tukafunga kwa shilingi za Uganda 21,500,000. Injini ni ya petroli, iko chini ya viti vya mbele, na nyuma limekaa juu ya springi za vyuma bapa. Nataka kuligeuza gari la kulala, mimi na Mzee, baba yangu, tuitembee pwani ya Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote 84 vya Ssese katika Ziwa Victoria, Uganda, mwalo kwa mwalo (mwalo ni mahali wavuvi wanapopandishia mitumbwi), usiku utukute tutakapokuwa.

Niseme sababu mapema, maana ndiyo itakayoamua mambo mengi ya ujenzi. Baba yangu ni mtu wa Kilifi, na kwa miaka 26 aliendesha malori kutoka Mombasa hadi Kigali. Nyendo, pale kabla hujaingia Masaka, amepita mara zisizohesabika. Kushoto kuna barabara inayoshuka Bukakata, ziwani. Mama alikuwa mtu wa Masaka, na kila akipanda lori naye humwambia, "Baba Salim, siku moja ukate kushoto." Hakukata, mzigo una saa zake. Mama tumemzika miaka minne iliyopita. Sasa Mzee ana miaka 71, nyonga ya kulia inamsumbua, ngazi za nyumba za wageni haziwezi. Lakini kulala ndani ya gari amelala maisha yake yote ya kazi.

Nikamwambia, "Baba, mwaka huu tunakata kushoto."

Akaniuliza, "Na gari gani?"

2 Februari 2025: Kubomoa

Viti vimetoka, vimeuzwa. Sakafu ilikuwa imeoza sehemu mbili karibu na mlango wa pembeni, tumekata na kuchomelea bati jipya. Injini nimeifungua: gasketi, plagi, mkanda, pampu ya maji. Springi za nyuma nimeongeza jani moja kila upande, na shokomzoba zote nne ni mpya. Jumla 1,380,000. Tairi nne mpya 1,240,000.

Kwa anayetaka kuiga: usianze na kitanda. Watu wengi huanza na kitanda kwa kuwa ndicho kinachoonekana. Anza na kilicho chini ya gari, kwa sababu ukishajenga juu hutashuka tena.

23 Februari 2025: Mbao na umeme

Mbao nimenunua hapahapa Ndeeba, Kampala, hatua chache kutoka gereji yangu. Fremu ya msonobari, plaiwudi juu, vitanda viwili vyembamba na njia katikati ili Mzee asimruke mtu akitaka kutoka usiku. Kitanda chake kina urefu wa kiti cha lori toka sakafuni, nilimkalisha na kupima goti lake kwa futi. Kichwa nimekielekeza nyuma, kwenye mlango mkubwa unaofunguka kwenda juu, ili asubuhi akifumbua macho aone maji. (Hapa nimekosea. Sababu iko mbele, tarehe 24 Juni.)

Umeme ndio kazi yangu, sitaueleza sana. Paneli ya wati 200 juu ya paa, betri ya jeli ya Ah 100, kidhibiti, fyuzi kwa kila laini. Betri ya namna hiyo usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una kama wati-saa 600 za kutumia kwa haki. Taa zetu, feni ya Mzee, simu na pampu ndogo ya maji havifiki 350 kwa siku. Friji nimeiacha. Jambo moja tu nisisitize: watu huweka betri ya pili chini ya kiti cha mbele kwa kuwa pana nafasi. Kwenye HiAce hii hapo ndipo injini ilipo, na joto linaua betri. Yangu iko nyuma ya kiti cha dereva, imefungwa kwa mkanda wa chuma.

Mbao, godoro na vitambaa 1,150,000. Umeme 2,060,000.

16 Machi 2025: Tangi la maji, kosa la kwanza

Ni Ramadhani, kwa hiyo kazi tunafanya asubuhi tu, Mzee akikaa kwenye benchi chini ya mwembe, anaangalia.

Niliweka tangi la lita 120 nyuma kabisa, chini ya kitanda, kwa kuwa hapo mrija wa kujazia unafikika kirahisi. Tukalijaza na kwenda kulijaribu hadi Kayabwe, pale penye alama ya ikweta. Kufika Mpigi nikaanza kuhisi usukani umelegea. Kila lori lililotupita lilitusukuma pembeni, na kwenye kona pua ya gari ilichelewa kuitika. Mzee alikuwa kimya tangu Busega. Hatimaye akasema, "Simama, mwanangu. Teremka ulitazame gari kwa ubavu."

Nikateremka. Mkia umekaa chini, pua imenyanyuka. Lita moja ya maji ni kilo moja, nami nilikuwa nimebandika kilo 120 nyuma ya ekseli, mahali ambapo zinafanya kazi ya mtarimbo: zinasukuma nyuma chini na kunyanyua magurudumu ya mbele, yale yale yanayoshika njia. Kilo hizohizo zingekuwa katikati, nisingezihisi.

"Mzigo uliopita ekseli unakunyang'anya usukani," alisema. "Nimezika vijana kwa jambo hilo."

Tuligeuza palepale, nikamwaga maji yote kandokando ya barabara. Tangi la sasa ni la lita 60, liko nyuma tu ya viti vya mbele, na ubavuni pana nafasi ya jerikeni nne za lita 20. Kuhamisha kumenigharimu 180,000 na siku tatu. Vifaa vyote vya maji na sinki vilikuwa vimeshakula 410,000.

18 Aprili 2025: Safari ya kwanza, kivuko

Rangi imekauka (900,000, krimu na mstari wa kijani), mkanda wa taksi haupo tena. Tumeondoka Kampala alfajiri. Lwera, daraja la Katonga, Lukaya tukanunua gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa mshikaki kupitia dirishani. Nyendo nikawasha taa ya kushoto mapema sana, mita mia tatu kabla. Mzee akashika mpini wa mlango, na hakusema neno hadi tulipomaliza kona.

Njia ya Bukakata ni lami safi. Kivuko cha hapo kwenda Luku, kisiwani, ni bure, watu na magari. Ipo pia meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, inayokwenda moja kwa moja Lutoboka kwa kama saa tatu na nusu, ila hiyo unalipia gari, na mimi nilitaka Mzee apite Nyendo.

Kosa langu lilikuwa tarehe. Nilichagua Ijumaa Kuu. Tulifika saa nne asubuhi tukakuta foleni hadi juu ya kilima, na magari ya mawese yana nafasi yake. Tukapanda jioni. Tena gari liliposhuka kwenye ulimi wa kivuko, ngazi ya chuma niliyochomelea chini ya mlango wa pembeni, kwa ajili ya nyonga ya Mzee, ikagonga na kupinda. Pembe ya ulimi ule ni kali kuliko inavyoonekana. Ngazi isifungwe chini ya gari. Tumia kigoda imara unachokitoa na kukirudisha. (Ngazi 90,000, imepotea.)

Safari ya majini ni kama nusu saa. Mzee alitoka garini akasimama ukingoni, ameshika reli kwa mikono miwili. Akachota maji yaliyorushwa na upepo kwenye kiganja, akayaonja kwa ncha ya ulimi. "Hayana chumvi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyejua hivyo ila alitaka kuhakikisha.

20 Aprili 2025: Makuti yenye miiba

Naandika haya kwa urefu kwa kuwa ndiyo yaliyotukatisha safari.

Kwanza ramani. Nilipanga kana kwamba barabara ya Bugala inafuata pwani. Haifuati. Njia kuu, kilomita 66 za murram (changarawe) kutoka Luku kupitia mji wa Kalangala hadi Mulabana, inakaa juu, mgongoni mwa kisiwa. Ukitaka maji unashuka kwa njia nyembamba hadi mwaloni, kisha unapanda tena ulikoshukia. Ni mfano wa kitana: uti mmoja, meno mengi. Kwa hiyo kila mwalo ni mteremko mmoja na mlima mmoja, na mvua ikinyesha ule mlima ndio unaokuhukumu.

Jumapili tulishuka mwalo mmoja mdogo ng'ambo ya mji. Nilikuwa nimeambiwa pana uwanja mpana wa mchanga wa kuegesha. Uwanja haupo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kupita kiwango cha 1964 kilichokuwa cha juu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, na sehemu nyingi za ufuo zililiwa. Hapa kilichobaki ni ukanda wa mchanga wa hatua kumi kati ya maji na matope. Mashina ya miti iliyokufa yanaonekana ndani ya maji. Anayekupa habari za kuegesha, muulize ni za mwaka gani.

Nikaingia kwenye ukanda ule hata hivyo. Usiku mvua ikashuka, na asubuhi magurudumu ya nyuma yamezama hadi nusu. Nikakanyaga mafuta, yakazama zaidi. Mzee akaniambia nizime, niache, nipunguze upepo wa tairi, halafu nilete makuti niyatandike mbele ya magurudumu. Kwao Kilifi ndivyo walivyofanya gari likinasa mchangani, akaniambia, na yeye mwenyewe amefanya hivyo njia ya Malindi akiwa kijana.

Juu ya mwalo lilikuwako shamba la michikichi. Matawi yaliyokatwa hupangwa kwenye mistari katikati ya miti. Nikamwomba kijana aliyekuwa akilinda, akasema nichukue, nikabeba kumi na mawili mgongoni, moja baada ya jingine. Nikayatandika, nikawasha, gari likasogea hatua mbili. Nikasikia mlio kama wa mtu anayevuta pumzi kwa meno. Tairi la nyuma kushoto likakaa.

Nilipoinua tawi nikaona. Kuti la mnazi lina shina laini, unaweza kulikalia. Shina la mchikichi, ile sehemu nene ya karibu na mti, lina meno pande zote mbili, miiba mipana iliyojipinda kama ya papa. Mmoja ulikuwa umeingia kwenye shavu la tairi, si kwenye sehemu inayokanyaga njia, na shavu halizibiki. Tairi la pili nalo lilikuwa na mwiba mdogo, linavuja polepole.

Mzee alikaa kwenye kigoda, amelishika tawi lile mapajani, akipitisha kidole kwenye meno yake. Akasema, "Kwa mbali ni mnazi kabisa." Kisha, baada ya muda: "Mwanangu, nisamehe." Nilimwambia hana kosa, mimi ndiye niliyeyabeba, mikono yangu ilichomwa mara tatu nikafikiri ni vijiti tu. Hilo ndilo lililoniuma: mikono iliniambia, sikusikiliza.

Waliotutoa ni wavuvi. Watu kumi na wanane, wakiwa na kamba ya kuvutia mitumbwi na zile mbao wanazotandika chini ya mtumbwi ukipandishwa nchi kavu. Walilichukulia gari kama mtumbwi. Mmoja anaita, wote wanaitikia na kuvuta, hawavuti kabla ya wito. Lugha zilikuwa nyingi pale, Luganda, Kinyarwanda, Kilugbara, lakini wito ulikuwa kwa Kiswahili: "Haya! Bado! Haya!" Dakika ishirini tukawa juu. Nilitoa 50,000 na kreti moja ya soda.

Tulifunga tairi la akiba, tukaziba la pili mjini kwa 15,000, na bila akiba sikuthubutu kuendelea. Tukarudi Luku. Tairi jipya 310,000.

18 Mei 2025: Marekebisho

Mwezi mzima wa mvua nimeutumia hivi.

Magunia manne ya katani na mbao mbili za urefu wa mita moja na nusu, zimefungwa juu ya paa, ndiyo makuti yetu sasa. Tairi za akiba ni mbili. Kipima upepo na pampu ndogo ya betri: murram tunakwenda na upepo wa kawaida, mchangani nashusha hadi paundi 22 nyuma, nikitoka narudisha. Mchikichi ukilazimika kuutumia, kata shina lenye meno na ulitupe mbali, tandika majani ya juu peke yake.

Maji ya kuoga. Kichocho kipo ziwani, kinatoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na kinaingia kwa ngozi tu, si lazima unywe. Vijidudu vyake haviishi zaidi ya siku mbili nje ya konokono. Basi jerikeni nne nimezipaka rangi, mbili nyekundu na mbili bluu. Tukichota, tunajaza nyekundu na kuandika siku kwa chaki. Hazifunguliwi hadi siku mbili ziishe, wakati huo tunatumia bluu. Ni maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Ya kunywa yanachemshwa, ya tangi pia. Mzee haingii ziwani kabisa, mimi huingia kwa buti za mpira za kufika gotini kuchota penye maji wazi yasiyo na majani.

Choo ni ndoo yenye kifuniko na unga wa mbao kutoka kwa maseremala wa Ndeeba, gunia moja linatosha wiki. Hakimwagwi popote karibu na maji. Sheria ya mazingira inalinda mita 200 kutoka ukingoni mwa ziwa hili, na hata isingekuwapo, watu wanachota pale.

24 Juni 2025: Safari ya pili, Lutoboka na kichwa cha kitanda

Jumanne, bila sikukuu. Foleni ya Bukakata magari sita tu. Njia kavu. Kabla ya saa tisa tulikuwa Lutoboka, chini ya mji wa Kalangala, msitu umeshuka hadi karibu na maji. Mbega juu ya miti, weusi na mikia yao myeupe inaning'inia kama taulo. Furukombe analia.

Mzee aliuliza kwa nini msitu ni mkubwa hivi karibu na mji. Mama mmoja muuza samaki, mtu mzima, akamweleza: malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita mbung'o na malale viliua watu wengi sana kandokando ya ziwa, na kufikia 1909 serikali ya wakoloni ilikuwa imewahamisha watu wa visiwa hivi kwenda bara. Msitu ukakua walipokuwa hawapo. Babu zake yeye walirudi baadaye na kuanza upya. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akampa pole, kana kwamba ni msiba wa mwaka huu. Tulinunua kwake sato wawili.

Kuegesha: kila mahali kwanza tunamtafuta mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Tunamwambia sisi ni nani, usiku mmoja au miwili, na kwamba hatutaacha kitu. Hakuna aliyetukatalia, na mmoja alimtuma kijana wake atuonyeshe mahali penye ardhi ngumu. Tunaacha kilo mbili za sukari. Wanajeshi wa doria ya uvuvi walipita saa tano usiku na tochi, wakatusalimia kwa Kiswahili, wakaongea na Mzee kuhusu malori kwa nusu saa.

Sasa kitanda. Mzee ana kanuni yake ya barabarani: gari hulala pua ikitazama njia ya kutokea. Na mialo yote, bila kukosa, ina mteremko kwenda majini. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, pua iko juu na mkia uko chini, na mimi nilikuwa nimeweka kichwa cha Mzee mkiani. Usiku wa kwanza alilala kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Hakuniamsha. Saa tisa usiku nikamkuta amekaa kiti cha mbele, blanketi mabegani, amekunja mikono.

"Mbona hukuniamsha, Baba?"

"Umeendesha mchana kutwa."

Asubuhi nikageuza mto, kichwa mbele, miguu nyuma. Nikatengeneza kabari mbili kwa zile mbao za paani, nikarudisha gari juu yake hadi mkia ukainuka sentimita kumi na mbili. Nikaweka bilauri ya maji sakafuni kupima: karibu sawa. Na ajabu ni kwamba kwa kulala hivi, akifumbua macho anaangalia miguuni, na miguuni pana mlango mkubwa wa nyuma, na nje yake ziwa. Kulala kichwa nyuma asingeona chochote ila paa.

26 Juni 2025: Wadudu wa ziwani

Waganda wanawaita sami. Mchana unawaona mbali, nguzo za moshi zinasimama juu ya maji, na mgeni hudhani kuna kitu kinaungua. Nguzo ile ni wadudu wadogo mamilioni. Upepo ulipogeuka jioni wakatufikia. Hawaumi, lakini nilikuwa na taa nyeupe nje ya mlango, na tundu la hewa paani lilikuwa wazi. Kwa dakika tano wali ulikuwa hauliki, na feni iliwasaga hadi ikapunguza mwendo. Asubuhi walikuwa wamejaa chini ya taa kama pumba mashineni, kina cha kidole.

Dawa: taa nyeupe zote zimezimwa usiku. Nimefunika ya nje kwa karatasi ya rangi ya machungwa iliyokoza, wanaijia kidogo sana. Tundu la paa nimelishonea kitambaa cha chandarua mara mbili. Na tunakula kabla ya magharibi. Gharama ni 12,000 na chakula kimoja.

Jambo jingine dogo: chini ya miti ya Lutoboka paneli ilikuwa haipati jua. Siku ya pili betri ilishuka hadi volti 12.0. Ukitaka kivuli siku mbili mfululizo, panga siku ya tatu uwe ufuo ulio wazi, au endesha gari saa moja.

28 Juni 2025: Mulabana

Meno matano ya kitana tumeyashuka na kuyapanda, moja tulirudi katikati kwa sababu njia ilikuwa imechimbwa na maji. Kanuni yangu sasa: natembea kwa miguu kushuka kwanza, hadi chini kabisa, nikiangalia pa kugeuzia. Kama sioni pa kugeuzia, gari halishuki. Inachukua nusu saa kila mwalo, na Mzee hupiga gumzo na waliopo.

Mulabana ni mwisho wa murram. Nyavu nyeusi zimetandikwa chini, dagaa juu yake, wanawake wanawageuza kwa mafagio. Mzee alimwomba mmoja amwonyeshe, akakaa kwenye kigoda chake na kugeuza sehemu yake polepole hadi jua likawa kali. Watoto wakamwuliza anatoka wapi. Akawaambia, "Pwani." Wakamwambia hapa ndiyo pwani. Akakubali.

6 Julai 2025: Gharama, na kilichobaki

Safari ya pili ilikuwa kilomita 571 kwa jumla, Kampala hadi Kampala, na kati ya hizo 231 ni za kisiwani. Nilikuwa nimekadiria 140 kisiwani, ni yale meno ya kitana niliyoyasahau. Petroli lita 64, shilingi 333,000.

Ujenzi wenyewe ni 28,640,000, gari likiwamo. Makosa yamekula 700,000 zaidi: tairi 310,000, tangi 180,000, ngazi 90,000, na 120,000 za kukigeuza kitanda sawasawa, kazi niliyoimaliza jana, kwa kichwa kuwa mbele na rafu ndogo ya dawa za Mzee mahali mkono wake unapofika. Kosa la tangi na la kitanda ningeyaepuka kwa kuliweka gari mteremkoni uani kwangu, na tangi limejaa, na kulala ndani yake usiku mmoja. Fanya hivyo kabla ya kupigilia msumari wa mwisho.

Bado: kabari za mbao nizibadilishe kwa za mpira, zile zinateleza zikilowa. Mlango wa nyuma unahitaji turubai ya pembeni, mvua ya ubavu inaingia. Na sehemu nyingine za kisiwa hatujazigusa, tutakwenda Januari, mvua zikishakwisha.

Jana jioni nilimkuta Mzee ndani ya gari, hapa uani, mlango wa nyuma umefunguliwa. Ameweka picha ya Mama kwenye rafu mpya, ameibana kwa chupa mbili za dawa isianguke njiani. Akaniomba misumari midogo ya kuikaza.